Mtama Wangu Mweupe, Mbona Umekataliwa? Tuzijue Antioksidanti na Tanini Zilizomo kwenye Nafaka Zetu

 

Leo nina mada ambayo kule chuoni, nikisoma diploma, tuliipitia haraka haraka tu. Lakini msimu uliopita imemgharimu kijana mmoja wa Kishapu karibu faida yake yote. Na mimi bwana shamba wake nina sehemu yangu kwenye kosa hilo, kwa hiyo haya ninayoandika najisuta na mwenyewe.

Kijana huyu alilima mtama ekari nane. Alikuwa ameahidiwa soko na mnunuzi anayekusanya mtama mweupe kwa ajili ya kiwanda cha bia. Mbegu alichukua kwa jirani yake. Akaniletea nizione. Nikazimwaga kiganjani, nikaona nyeupe, safi, hazina wadudu. Nikamwambia, "Panda kaka, mtama ni mtama." Hilo neno bado linaniuma.

Mvua haikuwa mbaya. Akavuna gunia 58. Akakodi fuso, mzigo ukafika ghalani kwa mnunuzi. Mkaguzi akachoma magunia kwa bambo, akatoa sampuli, akazikagua punje moja moja. Nyingi zilikuwa nyeupe, ila ndani yake kulikuwa na punje za kijivu na za hudhurungi, kama moja kwa kila kumi hivi. Akasema, "Mzigo una tanini, hatupokei." Fuso ikageuza. Nauli ya kwenda na kurudi ikawa juu ya kijana, na mtama ukaishia kwa akina mama wapika pombe kwa bei ya huruma.

Alinipigia simu akiwa bado njiani. Swali lake lilikuwa moja tu: "Kaka, mbegu ilikuwa nyeupe na wewe uliiona. Hiyo tanini imetoka wapi?"

Ili nimjibu yeye na wewe, inabidi tuanze mbali kidogo, kwenye kitu kinachoitwa antioksidanti.

Antioksidanti ni kitu gani?

Sisi watu wa ukanda huu tunaijua dhahabu. Ukiacha kisu cha chuma nje msimu mzima kinaliwa na kutu, ila dhahabu hata ikae mtoni miaka mia inabaki vile vile. Kutu ni kazi ya oksijeni ya hewani, inakishika chuma na kukibadilisha.

Vyakula vingi ni kama chuma, sio kama dhahabu. Oksijeni inavila. Umeshaona mafuta ya alizeti yanayouzwa barabarani kwenye chupa nyeupe za plastiki, juani kutwa nzima? Baada ya muda yanatoa harufu, tunasema yamechacha. Jua, joto na hewa vimeyavunja. Kilichokuwa kinayalinda kwa siku zile za mwanzo ni vitamini E, ambayo alizeti inayo kwa wingi. Vitamini E inajitoa yenyewe iliwe na oksijeni kabla mafuta hayajaguswa. Ikiisha, mafuta hayana mlinzi tena.

Basi, antioksidanti ni hao walinzi. Ni kundi kubwa la kemikali zinazotengenezwa na mmea ili kujikinga na jua kali, ukame, ukungu, wadudu na ndege. Kwa upande wetu tunakutana na makundi matatu zaidi:

1. Fenoli. Humu kuna tanini za mtama, rangi nyekundu ya maua ya rozela (choya), na asidi ya feruliki iliyojishika kwenye pumba za mahindi.
2. Karotenoidi. Hizi ndizo rangi ya njano na chungwa kwenye mahindi ya njano, viazi lishe, papai na maboga. Mchicha nao unazo, ila zimefichwa na ukijani.
3. Vitamini C na E. C tunaipata kwenye ubuyu, mapera na mboga mbichi. E iko kwenye alizeti, karanga na kile kiini cha nafaka kinachoota.

Kumbuka neno moja hapa: mmea haukuzitengeneza kwa ajili yetu. Umezitengeneza ujilinde wenyewe. Ndiyo maana nyingine zinatufaa na nyingine zinatuletea shida, na mara nyingine ni kemikali ile ile moja inayofanya yote mawili.

Ziko sehemu gani ya punje?

Chukua punje ya mtama uikate katikati kwa wembe. Utaona ganda la nje, wanga mwingi katikati, na kiinitete pembeni, yaani ile sehemu inayoota. Fenoli nyingi ziko kwenye ganda. Mafuta na vitamini E viko kwenye kiinitete. Katikati ni wanga mtupu pamoja na protini kiasi.

Maana yake ni kwamba ukikoboa unaondoa pumba, na pumba ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya antioksidanti, nyuzinyuzi na madini. Sembe nyeupe inayong'aa imebaki wanga. Hilo litaturudia mbele, kwa sababu linahusu hela.

Sasa kwenye mtama kuna jambo la ziada. Baadhi ya aina zina utando mwembamba wa rangi ya kahawia iliyoiva, chini kidogo ya ganda, kabla hujafika kwenye wanga. Tanini zinakaa humo. Mtama usio na utando huo hauna tanini, hata kama ganda lake la nje ni jekundu. Na mtama wenye utando huo una tanini, hata kama kwa juu unaonekana mweupe mweupe au kijivu. Rangi ya nje inaweza kukudanganya. Mimi ilinidanganya.

Tanini: mlinzi mzuri, mgeni mgumu

Tanini unazifahamu hata kama hukujua jina. Chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi ikakukausha ulimi, hiyo ni tanini. Ndizi mbichi ikikubana mdomo, ni hiyo hiyo. Inabana kwa sababu inashika protini za mate.

Shambani ni mlinzi kweli kweli. Ndege hawaupendi mtama wenye tanini, hasa punje zikiwa bado laini. Ukungu nao unausumbua kidogo. Wale mliowahi kuona kundi la kwelea kwelea likitua kwenye shamba Kishapu mnajua ninachosema. Ndege mmoja ni mdogo kuliko ngumi, lakini wakija kwa maelfu ekari inakwisha mchana mmoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba barani Afrika maeneo yanayolima mtama wenye tanini yanaendana sana na maeneo wanayoishi kwelea kwelea. Kwa hiyo bibi zetu walioshikilia mtama mwekundu hawakuwa washamba. Walikuwa wanafanya hesabu ya ndege.

Mzee mmoja aliwahi kunicheka nilipomwambia aachane na mtama wake mwekundu. "Ng'wanawane," akasema, "huo mweupe wako unalima wewe, anavuna ndege."

Shida inaanza baada ya kuvuna. Ile tabia ya kushika protini haiishi. Tumboni inashika protini ya chakula na vimeng'enya vya kusaga chakula, kwa hiyo unakula shibe lakini protini nyingine inapita bila kutumika. Inapunguza pia madini ya chuma yanayoingia mwilini, na hiyo ni hatari zaidi kwa mama mjamzito na mtoto mdogo. Vifaranga wakilishwa mtama wa tanini nyingi wanadumaa. Na kiwandani, kinachogeuza wanga kuwa sukari ili bia ipatikane ni vimeng'enya. Tanini ikivishika, kazi haiendi. Ndiyo sababu mnunuzi anataka mweupe usio na tanini, wala sio maringo.

Wazee walikuwa na ufumbuzi. Maeneo ya Maziwa Makuu, kwa mfano kusini magharibi mwa Uganda, Rwanda na Burundi, mtama wenye tanini huchanganywa na majivu ya kuni yaliyoloweshwa maji, kisha huachwa uote kidogo ndiyo ukaushwe na kusagwa. Majivu yana ukali wa magadi, yanaidhoofisha tanini. Kuotesha kimea na kuchachusha uji navyo vinasaidia. Kwa hiyo mtama mwekundu ni chakula, ila unataka matayarisho.

Jibu la swali la yule kijana

Hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu wengi tunakosea.

Jirani aliyetoa mbegu alikuwa amepanda mtama mweupe, sawa. Lakini upande wa pili wa mpaka kulikuwa na mtama mwekundu wa kienyeji. Mtama kwa sehemu kubwa unajichavusha wenyewe, ila sio wote. Chavua kiasi hupeperushwa na upepo kutoka shamba la pili.

Sasa ganda na ule utando wa tanini ni sehemu ya mmea mama, sio ya mtoto. Punje ikichavushwa na mtama mwekundu, kwa nje inabaki nyeupe kama mama yake. Ukiishika kiganjani huwezi kujua. Ndani ya kiinitete tayari kuna urithi wa tanini, ila hauonekani. Ukiipanda, mmea unaoota sasa ndio unaozaa masuke yenye tanini. Yaani kosa linafanyika msimu huu, linaonekana msimu ujao, kwenye shamba la mtu mwingine.

Ndiyo maana mbegu ilikuwa nyeupe na mavuno yakawa na mchanganyiko. Hakuibiwa wala jirani hakumdanganya. Kilichokosekana ni mimi kumuuliza swali moja tu: "Jirani yako alipakana na nani?"

Cha kufanya ni hiki:

- Kama soko lako linataka mtama mweupe, nunua mbegu iliyothibitishwa. Angalia lebo ya TOSCI kwenye mfuko. Macia ni mweupe na unapendwa na wanunuzi. Kama shamba lako lina kiduha, uliza Hakika au Wahi, aina zilizotolewa mwaka 2002 kwa sababu ya kustahimili gugu hilo.
- Usirudie mbegu ya dukani miaka na miaka kama umezungukwa na mtama mwekundu. Ukitaka kutunza yako, tenga eneo mbali, angalau mita 200 kutoka mtama mwingine, na uchague masuke ya katikati ya shamba.
- Pita shambani masuke yakianza kubadilika rangi. Suke lolote la hudhurungi kwenye shamba jeupe likate, liweke pembeni, usipure pamoja. Yule kijana angefanya hivi kwa siku mbili tatu na vibarua wawili, mzigo wake ungepita. Punje zikishachanganyika kwenye gunia, umechelewa.
- Jipime kabla ya kukodi gari. Chukua punje mia moja bila kuchagua. Kwangua ganda taratibu kwa wembe. Ukiona utando mweusi au wa kahawia iliyokolea kabla ya kufika kwenye wanga, hiyo ina tanini. Hesabu ngapi kwa mia. Maabara wao hutumia dawa ya kung'arishia nguo iliyochanganywa na soda kali. Ganda linayeyuka na punje zenye tanini zinageuka nyeusi. Hizo zilizopimwa kwa dawa zimwagwe, zisiende kwa kuku wala kwa mtu.
- Muulize mnunuzi kiwango chake kabla ya kupanda, na kikaandikwe. "Mtama mweupe" sio kiwango.

Basi tulime upi?

Usiniulize mimi, liulize soko lako na ndege wako.

Kama una mkataba wa kiwanda, lima mweupe. Lakini ingiza gharama ya kuwinga ndege kwenye hesabu tangu mwanzo. Wakulima mkipanda kwa tarehe zinazokaribiana ndege wanagawanyika. Ukiiva wewe peke yako kata nzima, umewaandalia karamu.

Kama unalenga chakula cha nyumbani na soko la pombe za kienyeji, na uko sehemu yenye ndege wengi na mvua ya mashaka, mwekundu unakupa uhakika. Kuna hata aina zilizoboreshwa. Serena, iliyotoka kituo cha Serere nchini Uganda, ni ya hudhurungi na imelimwa Afrika Mashariki miaka mingi.

Ukilima zote mbili, tenga mashamba, tenga turubai za kupuria, tenga magunia. Tafadhali sana.

Kukoboa au kusaga dona?

Vijana wengi Kahama, Katoro na Runzewe sasa wanasaga na kufungasha unga wa lishe. Hongereni. Soko lipo, migodini kuna watu wanaofanya kazi nzito na wanataka uji wa kushiba. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Mtama na jamii zake, uwele na ulezi zikiwemo, na watu wa mjini wakazidi kuulizia.

Lakini kuna hesabu mbili za kufahamu.

Ya kwanza ni ya uzito. Ukikoboa mtama kilo 100, pumba inaweza kuondoka na kilo 20 hivi. Hizo ni hela, na humo ndimo zilimokuwa antioksidanti nyingi, nyuzinyuzi na madini. Mtama usio na tanini unaweza kusagwa wote bila kukoboa, na unga ukabaki mtamu. Hapo unafaidi uzito na lishe kwa pamoja. Wenye tanini, ukisaga wote bila kuutayarisha, unapata unga mchungu unaokaba, mteja haji mara ya pili.

Ya pili ni ya muda. Dona inabaki na kiinitete, na kiinitete kina mafuta. Ukishasaga umeyafungulia mlango wa hewa. Uwele ndio mbaya zaidi, kwa kuwa una mafuta mengi kuliko mtama. Mama yeyote wa Kisukuma atakwambia unga wa uwele hauwekwi, unasagwa wa kula siku chache. Siku zikipita unanuka na kuwa mchungu. Nimemuona kijana aliyesaga gunia kumi za uwele kwa mpigo ili apunguze gharama ya mashine. Nusu yake ilirudi kutoka madukani.

Kwa hiyo:

- Hifadhi punje, usihifadhi unga. Saga kulingana na oda.
- Fungasha usiku au asubuhi unga ukiwa umepoa, kwenye mfuko usiopitisha hewa wala mwanga. Mfuko mweupe unaoonyesha unga ni mzuri kwa macho ya mteja, ila jua linauharibu.
- Andika tarehe ya kusaga, na tarehe ya mwisho iwe ya kweli. Jaribu wewe mwenyewe: weka mifuko mitatu dukani, fungua mmoja kila wiki, onja.

Mahindi ya njano, ulezi na viazi lishe

Nisikuchoshe, haya nitapita haraka.

*Mahindi ya njano.* Wazee wakiyaona wanakumbuka ugali wa yanga wa miaka ya njaa, wanageuza uso. Lakini ile rangi ni karotenoidi, na mfugaji wa kuku wa mayai anaitafuta, kwa sababu kuku akila mahindi ya njano kiini cha yai kinakuwa cha njano iliyoiva. Mjini yai la namna hiyo linauzika kirahisi. Usilime kwa ajili ya ugali, lima ukiwa na mfugaji mkononi.

*Ulezi.* Ganda lake jekundu lina fenoli nyingi, na kwa kalsiamu unazishinda nafaka zetu zote za kawaida, zaidi ya miligramu 300 kwa kila gramu 100. Unahimili ghala miaka. Adui wake ni mchanga. Pura kwenye turubai, sio chini.

*Viazi lishe.* Hapa ndipo vijana wanapopoteza bila kujua. Sisi tuna michembe na matobolwa, utaalamu wetu wa tangu zamani. Wengine wameanza kutengeneza michembe ya viazi vya rangi ya chungwa kama Ejumula na Kabode, wakiuza kama chakula chenye vitamini A. Wazo zuri. Lakini karoteni inaliwa na mwanga na hewa. Tafiti zilizofanyika Uganda na Msumbiji zilionyesha kwamba kwenye kukausha hasara ni ya kiasi, hasara kubwa ni ghalani. Michembe ikikaa miezi minne kwenye joto la kawaida, zaidi ya nusu ya karoteni imekwenda. Kwa hiyo anika kivulini au chini ya kitambaa, ikauke siku hiyo hiyo kama jua linaruhusu, ifungie pasipopita hewa, na uiuze ndani ya mwezi mmoja au miwili. Ikipauka usiiite tena ya vitamini A.

Sasa lile la zebaki

Hili nalisema kwa uchungu. Kuna unga niliouona ukiuzwa karibu na makarasha huko Geita. Kwenye mfuko kumeandikwa kwamba una antioksidanti nyingi na "unasafisha zebaki mwilini". Aliyeutengeneza ni mkulima kijana kama ninyi, na hakuwa na nia mbaya. Alisikia antioksidanti zinaondoa sumu, akafikiria wachenjuaji, akaona soko.

Ndugu zangu, hakuna uji unaotoa zebaki mwilini. Neno "sumu" limetuchanganya. Kinachozuiwa na antioksidanti ni ule uharibifu unaofanana na kutu. Zebaki ni metali. Kinachomwokoa mchenjuaji ni kutochoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki hewani, kutumia kifaa kilichofungwa cha kukamata moshi wake, kutofanyia kazi hiyo nyumbani karibu na watoto, na kwenda hospitali akiona dalili kama kutetemeka mikono. Fikiria kijana anayechoma zebaki kila jioni, amekunywa uji wako, anajiona amekingwa. Hapo ni wewe unayemuumiza.

Na hata kwa magonjwa mengine, historia inatufundisha kuwa wapole. Huko Finland walifanya jaribio kwa wavutaji sigara zaidi ya elfu 29, baadhi yao wakipewa vidonge vya betakaroteni wakitegemea saratani ya mapafu ipungue. Matokeo yalitoka 1994: waliomeza vidonge vya betakaroteni waliugua zaidi, sio pungufu. Jaribio jingine la Marekani likasimamishwa 1996 kwa sababu hiyo hiyo. Chakula chenye mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa kinaendana na afya njema, hilo halina ubishi. Ila kuchomoa kemikali moja na kuiuza kama dawa ni habari nyingine. Hata zile namba za "nguvu ya antioksidanti" zinazozunguka mtandaoni, Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa orodha yake mwaka 2012 kwa kuwa zilitumiwa vibaya kwenye matangazo.

Andika kilicho kweli: "Unga wa mtama usiokobolewa", "Una nyuzinyuzi", "Umesagwa tarehe fulani". Chakula hakiruhusiwi kuuzwa kwa madai kwamba kinatibu ugonjwa. Usalama wa chakula tangu 2019 uko chini ya TBS, na ukianza kupitia SIDO utaelekezwa namna ya kupata alama ya ubora.

Na kama unalima bondeni kwenye maji yanayotoka kwenye mialo ya kuoshea dhahabu, hasa mpunga, badilisha eneo. Mpunga unaweza kuibeba zebaki kutoka kwenye tope. Hakuna antioksidanti itakayofuta hilo.

Neno la mwisho: ukungu haufichwi

Mwaka 2016 Dodoma na Manyara walipoteza watu kwa sumukuvu kutoka kwenye mahindi. Punje yenye lishe zote duniani, ikishapata ukungu imekuwa sumu. Kausha mpaka unyevu ufike asilimia 13 au chini. Huna kipimo? Weka nafaka kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, funga, tikisa, iache dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, bado ni mbichi.

Yule kijana wa Kishapu msimu huu amenunua mbegu yenye lebo. Amepanda ekari tano nyeupe, na ekari tatu nyekundu ng'ambo ya mto, mbali kabisa. Juzi nilipita kwake. Alikuwa amekaa chini ya mwembe na wembe mkononi, anakwangua punje na kuhesabu kwa sauti. Akaniona, akacheka: "Bwana shamba, mtama ni mtama eti?"

Sikuwa na jibu. Nilikaa chini, nikaomba wembe wa pili.

Ukiwa na mbegu usiyoiamini, njoo nayo ofisi ya kata kabla ya mvua za kwanza. Safari hii nitakuuliza jirani yako amepanda nini.

Kazi njema.